Maji ya Nyasi za Kanisani: Ni Nani Ayachukue?

Katika sharika zetu za Bukoba na Muleba imeingia desturi ya kupamba viwanja vya makanisa kwa nyasi. Wala hazipandwi kwa mbegu, bali ni vipande vya ukoka vilivyochimbwa mahali pengine pamoja na udongo wake, vikaletwa na kupangwa chini kimoja kando ya kimoja, kama mtu atandikavyo mikeka; hata mahali palipokuwa vumbi jana, leo pamekuwa kijani. Kazi hii hupendeza macho upesi, na kwa sababu hiyo hupendwa na kamati za ujenzi, hasa sikukuu ikiwa karibu. Lakini nyasi zilizohamishwa zina kiu. Na juu ya kiu hiyo limezuka swali ambalo wengine hulicheka wakisema ni dogo, nasi hatulioni kuwa dogo. Je, ni halali maji yaliyotekwa bondeni, yakapandishwa mlimani juu ya kichwa cha mtu, yamwagwe juu ya nyasi? Na kama ni halali, ni kichwa cha nani?

Yatupasa kwanza kuijua kazi yenyewe, maana watu wengi hushindana juu ya jambo ambalo hawajapata kulipima. Kipande cha ukoka kikichimbwa, sehemu kubwa ya mizizi yake hubaki kule kilikotoka. Kilichobaki ni majani mengi juu na mizizi mifupi chini, katika udongo wenye unene wa vidole viwili au vitatu tu. Majani hayaachi kutoa maji yake juani, wala mizizi haiwezi kuyatafuta chini, kwa kuwa haijashika ardhi mpya. Basi nyasi hizo ni kama mgonjwa asiyeweza kwenda kisimani mwenyewe. Huishi kwa maji aletewayo. Siku ya kwanza hutaka maji mengi, mara tu baada ya kulazwa, hata udongo wa chini ulowe pamoja na wa juu. Baada ya hapo hutaka maji kila siku, muda wa majuma mawili au zaidi, mpaka mizizi mipya iteremke na kushika.

Sasa na tuhesabu. Lita moja ikimwagwa juu ya mita moja ya mraba huwa sawa na milimita moja ya mvua. Tuseme nyasi changa zitaka milimita 5 kila siku ya jua. Kiwanja cha mbele ya kanisa, chenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 10, kina mita za mraba 200. Basi kitakunywa lita 1,000 kwa siku. Wazee wetu walibeba debe, sisi twabeba dumu la lita 20. Lita 1,000 ni madumu 50, na kila dumu lina uzito wa kilo 20, mbali na uzito wa chombo chenyewe. Katika siku 14 yatakuwa madumu 700. Na kama kwenda chemchemi na kurudi ni nusu saa, basi kila siku saa 25 za miguu ya watu zimemwagwa juu ya kiwanja kimoja kidogo. Wabebaji wakiwa watoto wasioweza zaidi ya lita 10, saa hizo huwa 50.

Ndugu zetu wakaao mjini Bukoba, penye mabomba, huenda wakaona hesabu hii ni ngeni kwao, maana kwao kazi ni kufungua bomba na kushika mpira. Lakini anayeijua nchi yetu ajua jinsi ilivyo. Vijiji vyetu vingi viko juu ya migongo ya milima na chemchemi ziko chini mabondeni, tena mahali pengi pana magenge ya mawe kati ya nyumba na maji. Mtu huteremka na chombo kitupu na kupanda na kilichojaa. Angekuwa Mungu ameziweka chemchemi juu na nyumba chini, huenda makala hii isingeandikwa. Na wapandao na vyombo hivyo, kila mtu ajua, si wazee wa kanisa. Ni mama zetu na watoto.

Tena kuna jambo la ajabu katika ukoka huu. Katika Buhaya nyasi hazikuwa kamwe kitu cha kudharauliwa. Nyumba ya msonge ya wazee wetu iliezekwa kwa nyasi hata chini, na ndani sakafu ilitandikwa nyasi, na mgeni aliketi juu yake kwa heshima. Kibanja nacho kimelishwa nyasi tangu zamani: watu walikwenda rweya, wakakata, wakabeba, wakazitandaza chini ya migomba ili jua lisiikaushe ardhi na mvua isiichukue. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha Amani, aliandika juu ya Bukoba mwaka 1938, akaeleza ya kwamba rutuba ya vibanja haikutokana na udongo wenyewe, bali mikono ya watu iliijenga kwa samadi na nyasi zilizoletwa kutoka rweya. Basi katika hekima ya nchi hii nyasi ndizo zilizoyatunza maji. Maji hayakuchukuliwa kwa ajili ya nyasi. Lakini ukoka ulio hai ni adui wa kibanja, maana hutambaa na kunyonya, na kipande kidogo kikisahauliwa huzaa upya. Mwanamke aliyeinama asubuhi kung'oa ukoka katika migomba yake, jioni aambiwa apeleke maji kuunywesha ukoka ule ule mbele ya kanisa. Hatusemi hili ili kudhihaki. Twasema ili tumwelewe akinung'unika.

Wako basi wasemao, Na ziachwe nyasi hizo. Ni mtindo wa Wazungu na majumba yao, wala hatukuagizwa na Bwana kupanda nyasi. Hatuwezi kuwafuata mpaka mwisho. Kwanza, kiwanja kitupu katika nchi yetu si kiwanja safi tu kilichofagiwa. Ukanda wa ziwa hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, ijapokuwa huzidi kupungua kadiri uendavyo magharibi kuelekea Karagwe. Mvua kama hiyo ikianguka juu ya mteremko usio na kitu, huchukua udongo, huchimba makorongo, na mwisho huifikia misingi ya nyumba. Baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 tulijifunza sote thamani ya msingi ulio imara. Na ujenzi mpya wa miaka iliyofuata uliacha ardhi iliyochimbuliwa pande nyingi. Nyasi zikishika huizuia ardhi. Hilo ni jambo la akili, wala si la fahari.

Pili, hata kama zingekuwa za uzuri tu, hatuthubutu kusema kwamba uzuri ni dhambi. Tunakumbuka habari ya yule mwanamke wa Bethania aliyevunja chupa ya marhamu ya thamani kubwa, na wale waliokasirika wakisema ingeuzwa wapewe maskini. Bwana hakuwasifu waliokasirika. Mtu akilitaja jina la maskini ili kuzuia kila kitu kizuri katika nyumba ya Mungu, na ajiangalie, maana huenda akawa hana upendo kwa maskini wala kwa nyumba ya Mungu. Lakini msomaji aangalie tena habari ile. Marhamu ilikuwa yake mwanamke. Hakuagiza marhamu ya jirani yake ivunjwe, kisha yeye akapokea sifa.

Hapo ndipo swali letu linapokaa. Kila sadaka ina mtoaji, na mtoaji ni yule ambaye kitu kimetoka kwake. Kamati ikiamua mwezi wa Juni kwamba kiwanja kitandikwe nyasi kabla ya sikukuu ya Agosti, na gari likazileta, na mgeni mkubwa akafika akasifu, ni nani aliyetoa? Fedha za gari zilitoka mfukoni mwa usharika, nazo zitasomwa katika hesabu. Madumu 700 hayatasomwa popote. Hayakuandikwa, kwa kuwa hakuna aliyeyaona kuwa ni mali. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529 Luther, akiieleza amri ya saba, alifundisha kwamba kuiba si kutia mkono katika sanduku la mtu tu, bali ni kujipatia faida kwa njia yo yote inayomletea jirani hasara. Hatusemi kwamba wazee wa kanisa ni wezi. Twasema kwamba jasho lisiloandikwa ni rahisi sana kulichukua, hata na mtu mwema.

Kuna habari mbili katika Agano la Kale zihusuzo watu waliochukua maji, na walimu wetu wafanya vema wakizisoma pamoja. Ya kwanza iko katika kitabu cha Yoshua, mlango wa 9. Wagibeoni walipogunduliwa hila yao, waliachiwa uhai, lakini wakafanywa wakata kuni na wateka maji kwa ajili ya mkutano na kwa madhabahu ya Bwana. Angalia, kazi ilikuwa ya madhabahu, nayo ilikuwa laana. Basi haitoshi kusema kwamba maji ni ya kanisa. Huenda mtu akatumwa kwa ajili ya madhabahu naye akawa mtumwa vile vile. Ya pili iko katika Samweli wa Pili, mlango wa 23. Daudi alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu, na mashujaa watatu wakapenya katikati ya adui wakamletea. Alipoyapokea hakukubali kuyanywa, maana aliona ndani yake uhai wa watu waliojihatarisha. Akayamimina mbele za Bwana. Maji yale yalimwagwa chini, yakapotea mchangani, wala hakuna aliyesema yamepotea bure. Daudi aliyaona yalivyo. Wagibeoni waliteka miaka mingi, na hatusomi kwamba mtu aliyatazama maji yao namna hiyo.

Mtu atajibu, Lakini kwetu hakuna anayelazimishwa. Watu huja kwa hiari. Twaomba wachungaji na wainjilisti walipime neno hilo polepole. Mama mmoja akija mwenyewe alfajiri na dumu lake, akasema, Hiki ndicho niwezacho kumpa Mungu wangu, ni nani amzuie? Sisi hatumzuii. Furaha yake ni halali kama ile ya Bethania. Bali tangazo likitolewa ya kwamba kila mtoto wa kipaimara alete dumu moja kila asubuhi kabla ya shule, hiyo si hiari, hata kama hakuna fimbo iliyotajwa. Mtoto ajua kwamba jina lake liko katika daftari la mwalimu. Mzazi wake ajua kwamba siku ya kubarikiwa iko karibu. Naye aliyekaa karibu na chemchemi abeba kwa dakika kumi, lakini wa upande wa pili wa kilima abeba saa nzima, na wote wawili wahesabiwa dumu moja. Tumewaona watoto wakifika shuleni wamelowa mabega, wakasinzia katika somo la kwanza. Kazi si mbaya kwa mtoto. Twapenda wajifunze kuitumikia nyumba ya Mungu. Lakini kazi ya kujifunza ina mtu mzima anayeifanya pamoja nao. Mzee wa kanisa akiwa mbele yao katika njia ya chemchemi, dumu kichwani, hatutaandika neno.

Na tuseme wazi shauri letu, maana twaona lafaa. Mwenye kuamua nyasi zilazwe, huyo amekubali deni la maji. Kuamua na kunywesha ni kazi moja. Asiyeweza kuchukua, wala kulipa ujira wa haki kwa achukuaye, na aahirishe.

Wala kuahirisha si hasara. Mungu ameipa nchi yetu mvua za namna mbili, za mwezi wa tatu mpaka wa tano, na za mwezi wa tisa au wa kumi mpaka wa kumi na mbili. Katika mwezi wa Aprili peke yake Bukoba kwa kawaida hupata zaidi ya milimita 300, yaani kama 10 kwa siku, mara mbili ya zile 5 tulizozihesabu. Kiwanja kile kile kilichotaka madumu 50 kila siku katika kiangazi, mbingu hukipa kama madumu 100 bila kumwamsha mtoto. Nyasi zikilazwa mvua zinapoanza, kazi ya watu ni kuangalia tu siku chache zisizo na mvua. Kuzilaza mwezi wa Julai, ambao kwa kawaida una mvua chache kuliko miezi yote, ni kutaka kufanya kwa shingo za watu lile ambalo Mungu angelifanya bure baada ya majuma nane. Na kwa nini? Mara nyingi kwa sababu ya tarehe ya sikukuu tu. Sikukuu yaweza kufanyika penye vumbi. Sikukuu nyingi za baba zetu zilifanyika hivyo, nazo zilijaa watu.

Twajua kwamba walimu wengi, wakifika hapa, hupenda kugeuza nyasi changa kuwa mfano wa waongofu wapya, ya kuwa hawana mizizi na wahitaji kunyweshwa kila siku. Mfano ni mzuri. Paulo mwenyewe aliwaandikia Wakorintho habari ya yeye kupanda na Apolo kunywesha, na Mungu kukuza. Na wamisionari wa Betheli walipofika Bukoba mwaka 1910 walikuta Wahaya ambao tayari walikuwa wamepata neno kutoka Buganda, maana mvua ilikuwa imewatangulia. Lakini tusiupende mfano hata tukamsahau yule aliyebeba dumu wakati sisi tunahubiri juu yake.

Yafuata swali la mwisho: je, usharika uliokwisha kulaza nyasi katika kiangazi uziache zife? Hapana. Kuziacha ni kulitupa jasho la kwanza pamoja na la pili. Bali wale walioamua na wachukue zamu, na maji yatumiwe kwa akili. Maana dumu lililomwagwa kwa ujinga ni shingo ya mtu iliyoumizwa bure. Nyweshea asubuhi mapema, kabla jua halijayainua maji hewani. Jioni si vema sana, kwa kuwa majani yakilala na unyevu usiku kucha huingiwa na magonjwa. Usinyunyize juu juu hata majani yang'ae, ukaenda zako; inua pembe ya kipande kimoja utazame kama udongo wa chini umelowa. Watu wasipite juu yake, hata wakitoka ibadani. Jumapili pia zinyweshwe, wala mtu asisumbuke dhamiri, maana Bwana alikumbusha kwamba hata siku ya sabato mtu humfungua ng'ombe wake akampeleka kunywa.

Baada ya majuma mawili vuta kipande kwa mkono. Kikikataa kuinuka, mizizi imeshika. Hapo punguza siku, lakini siku unyweshapo mimina kwa wingi, ili maji yashuke na mizizi iyafuate. Nyasi zinyweshwazo kidogo kidogo kila siku, mwaka mzima, huweka mizizi yake juu, na kiangazi kimoja huziua. Ukoka ukiisha kushika, waweza kukauka juu na kuwa rangi ya majani makavu wakati wa jua kali, nao usife; mvua ikija huchipuka. Basi usimtume mtu chemchemini kwa sababu ya rangi peke yake.

Tena makanisa yetu yana mapaa ya bati. Paa la mita za mraba 200 likipata mvua ya milimita 10 hutoa karibu lita 2,000, ukiondoa kidogo kinachopotea. Usharika wenye fedha ya kununua nyasi za gari zima haukosi kutafuta fedha ya mifereji na tangi. Na ingekuwa vizuri tangi litangulie nyasi. Maji ya tangi hilo yawe kwanza ya kunywa na kunawa kwa wanaofika ibadani na kwa jirani aliye mgonjwa asiyeweza kushuka bondeni, kisha ya nyasi.

Na nyasi zikikua zitakatwa. Majani yaliyokatwa yasichomwe moto nyuma ya kanisa. Yapelekwe migombani kwa wale waliobeba maji. Ila kwanza yachaguliwe vizuri, vile vishina vitambaavyo vitolewe na kuanikwa juani mpaka vikauke kabisa, tusije tukawapelekea ukoka ulio hai katika vibanja vyao.